Kipande Namba Arobaini na Saba

Nililinunua kwenye mnada wa vitu vya daktari aliyerudi kwao.
Watu waligombania friji, baiskeli, godoro la springi;
mimi nikatoka na boksi, elfu kumi na tano,
juu yake picha ya merikebu ya milingoti mitatu,
ndani yake vijiti.
Aikande, mke wangu, alilitikisa akasema:
"Umenunua kuni, tena za kupimiwa."

Mchana mimi ni fundi meno.
Sing'oi; anayeng'oa ni mwingine.
Mimi naletewa pengo, limechapwa kwenye plasta,
nalijaza, nalisugua,
na kwa wale wa Arumeru naongeza rangi ya chai kidogo
ili jino jipya lisijitenge na ndugu zake
waliokunywa maji ya kule.

Kwa hiyo mkono ninao.
Nilichokosa ni maneno.
Maelezo yameandikwa Kitaliano, na Kitaliano changu
kinaishia kwenye spageti.
Nikafungua kamusi, nikakuta lugha yangu mwenyewe
imeficha vitu ambavyo hapa Kiboriloni hatujapata kuviita:
mkuku, mataruma, dasturi, shetri.
Nikayatamka jikoni kwa sauti,
henza, joshi, demani,
maneno ya chumvi mdomoni mwa mtu wa migomba.
Aikande akauliza nasali kwa lugha ya wapi.

Mbao zake ni nyembamba kama ganda la muwa.
Unazitia kwenye chupa ya chai, maji ya moto, dakika ishirini,
mpaka zilegee,
kisha unazikunja juu ya mataruma, taratibu,
unazibana kwa vibanio vya nguo, unasubiri.
Ukiharakisha, ubao unalia tak.
Nimevunja nne. Wa tano niliuvunja
siku umeme ulipokatika nikajidai naona.

Mwezi wa tatu nikafika kwenye foromali ya mlingoti wa mbele.
Nikahesabu: arobaini na sita. Arobaini na nane.
Nikamwaga boksi lote mezani, nikapekua takataka,
nikamshuku Elineema, mtoto wa jirani, bure.
Aliyelifunga, huko alikolifungia, alisahau.

Sikulala vizuri.
Asubuhi, kazini, taya la plasta kiganjani,
nikacheka peke yangu.
Pengo! Mimi ndiye wa kuogopa pengo?

Jumamosi nikapanda Kibosho kwa mama.
Nilimkuta anaangusha mibuni ya zamani, apande maparachichi.
Ile mibuni ndiyo iliyonilipia ada mpaka kidato cha nne.
Hakuwa analia. Kanga kiunoni, panga mkononi, anapiga.
Nikaomba tawi.
"La nini?"
"La meli, mama."
Akanyamaza kidogo, akafuta panga kwenye majani.
"Basi tafuta lililonyooka," akasema.
"Mbuni hunyooka ukipenda wenyewe."

Tulilitafuta wote wawili hadi saa tisa.

Ni mti mgumu. Ukiupiga msasa unakuwa kama mfupa.
Nikaichonga foromali, nikaipaka rangi ya chai
ifanane na wenzake,
halafu nikaifuta kwa kitambaa chenye spiriti.
Ikabaki nyeupe, juu pale, mgeni asiyeomba radhi.

Jioni Elineema huja, huuliza jambo moja tu:
"Itaelea?"
Hapana. Itapinduka. Haina uzito tumboni.
"Sasa?"
Sasa shika uzi huu, usiuachie mpaka nikuambie.
Na hushika, ulimi nje, pumzi ameizuia,
kama vile kuna upepo.

Umebaki ubao mmoja, ubavu wa kushoto.
Ninao. Uko kwenye chupa ya chai tangu jana, maji yamepoa.
Kila nikisogeza taa naona ndani,
mataruma yamepangana gizani, vumbi la msasa,
alama zangu za penseli, mbili nilizokosea.
Aikande kapita na sufuria, kainama, kachungulia.
"Fundi," kasema, "umeacha pengo."

Najua.